Injini ya utafiti, ya kutafuta au ya kutafutia?

Msomaji mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili kauliza hivi: "Niliandika 'nilitumia injini za utafiti kama Google Scholar na PubMed', msimamizi akakata akaandika 'injini za kutafuta', rafiki yangu nae anasema sote tumekosea, sahihi ni 'injini pekuzi'. Nishike lipi? Na je kugugo naruhusiwa kuandika?"

Haya, msimamizi wako kukata kakata kwa haki, ila alichoweka badala yake nacho kinapwaya. Tuanze na wewe. Kosa lako ni kuipa mashine kazi isiyo yake. Ufunguo ukipotea unautafuta, huutafiti, na ukishaupata mambo yameisha, lakini kutafiti ni kulichimba jambo mpaka ujue liko vipi na kwanini, kuna swali, kuna data, kuna kuchambua, kuna kukesha. Sasa Google Scholar tangu ianze mwaka 2004 haijatafiti kitu, inachofanya ni kupitisha roboti zake kwenye tovuti za majarida na vyuo, inaingiza ilichokikuta kwenye faharasa yake, alafu ukiandika maneno yako inakuletea orodha pamoja na hesabu ya mara ngapi kila andiko limerejelewa na wengine. Hiyo ni kutafuta. Mtafiti ni wewe, pole.

Kwa msimamizi sasa, na hapa ndo utamu wa Kiswahili ulipo. Maji ni ya kunywa, lakini kikombe ni cha kunywea. Nyama ni ya kukata, kisu ni cha kukatia. Umeona? Kitu kinachotendwa kinabaki na kitenzi kitupu, ila chombo unachofanyia kazi kinataka ile -ia au -ea. Kwahiyo "injini ya kutafuta" kwa sikio kali ni injini iliyopotea watu wanaitafuta, na "injini ya kutafutia" ndo chombo chenyewe. Wengi wanaandika "injini ya kutafuta" na wanaeleweka, sitagombana na mtu barabarani, lakini tasnifu si barabarani. "Injini ya utafutaji" nayo iko sawa kabisa, utaikuta sehemu nyingi, mi naiona nzito tu.

"Injini pekuzi" kisarufi haina kosa, imetoka kwenye pekua kama ilivyotoka mpekuzi. Shida yangu ni harufu yake, kupekua ni kuingiza mkono kwenye begi la mtu, asiyelizoea neno atadhani hiyo injini kazi yake ni kuchungulia mambo ya watu (na si uongo sana). Ukilitumia litumie mwanzo mpaka mwisho, usichanganye. Na tafadhali usiite kivinjari, kivinjari ni ile programu unayofungulia tovuti, hilo lingine kabisa.

Kitu ambacho hukuuliza ila nimekiona: umeiweka PubMed kwenye kapu moja na Google Scholar. PubMed, ambayo iko hewani tangu 1996 chini ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ni hifadhidata, yaani taarifa za makala za tiba na biolojia zimeshachaguliwa na kupangwa, wewe unatafuta humo ndani. AJOL ya majarida ya Afrika nayo ina mkusanyiko wake wa majarida, haizunguki mtandao mzima. Ziite hifadhidata.

Alafu kuna hii inaniuma zaidi kuliko zote, watu wanaandika "kwa mujibu wa Google Scholar, lugha ya kwanza huathiri..." Kwa mujibu wa inataka msemaji, mtu au chombo kilichotoa kauli. Google Scholar haijasema lolote, imekuonyesha tu aliyesema yuko wapi, kwahiyo mrejelee mwandishi wa makala na mwaka wake.

Kugugo je? Kwenye mazungumzo gugo tu mpaka uchoke. Tena kitenzi hiki kimeingia kwenye lugha kwa adabu kabisa, kimekaa kama fikiri na samehe, ukikanusha mwisho haubadiliki: nagugo, sigugo, kama vile nasamehe, sisamehe. Lakini kwenye tasnifu andika "nilitafuta kwa kutumia" ukaitaja injini yenyewe, maana msomaji anataka kujua ulitafutia wapi.

Na ukirudi kutafuta makala za Kiswahili, andika "utafiti" alafu rudia kwa "tafiti", "kiambishi" alafu "viambishi", maana wingi wetu unabadilika mwanzo wa neno sio mwisho na majibu utakayopata yanaweza kutofautiana. Wapo wanaokataa "tafiti" kama wingi wa utafiti, wanataka "utafiti mbalimbali", mi naikubali kwasababu ni njia ileile ya ufunguo na funguo.

Sentensi yako basi: "Nilitumia injini ya kutafutia ya Google Scholar na hifadhidata ya PubMed kupata makala zilizohusu mada hii." Msimamizi akitaka "makala yaliyohusu" mwachie, zote mbili zinaandikwa.