Maswali yenu ya gemu za simu: hiyo simu inalala wapi?

Wiki hii meseji karibu zote ni za gemu za simu. Nimechagua chache, zilizobaki zinafanana, ukisoma utalikuta la kwako humuhumu.

SWALI: Mshauri habari. Nimefuta Free Fire mara nne na kila mara nairudisha. Nitajie programu nzuri ya kuzuia gemu. Niko Mwanga, Kigoma.

Jamani hili la programu nimelijibu mpaka basi. Programu unaiweka wewe, namba ya siri unaijua wewe, saa sita usiku unaitoa wewe, sasa hapo nani anamzuia nani? Hata kile kikomo cha dakika kilichopo kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android, dakika zikiisha kinalifunga gemu, ila unakitoa mwenyewe ukitaka, kukufunga mikono hakiwezi. Halafu kufuta gemu sio kufuta akaunti mdogo wangu, akaunti umeiunganisha na Facebook au Google, ukirudi unakuta skini zako (yale mavazi ya mchezaji wako) na almasi zako (hela ya humo kwenye gemu) vinakusubiri palepale ulipoviacha, kwahiyo mara zote nne hujaacha, ulienda mapumziko. Futa akaunti yenyewe, na utoke kwenye lile grupu la WhatsApp la kikosi chako, maana hao ndo wanaokuandikia "ingia tumebaki watatu".

Na hili hukuniuliza ila nakuambia: simu yako inalala wapi? Karibu kila anayeniandikia anacheza kitandani, taa imezimwa, nyumba nzima imelala. Nunua saa ya mezani yenye kengele, simu ichajiwe sebuleni au chumbani kwa mama. Mdogo wangu wa tumbo moja alikataa katakata eti simu ndo alamu yake, akarudia kidato cha nne kwa ajili ya usiku zile. Alipokubali kuiacha sebuleni, wiki ya kwanza alikuwa anaamka anazunguka nyumba, anagombana na kila mtu, hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi ni ugomvi. Wiki ya tatu akaanza kulala. Nakuambia mapema ili hasira zikija usidhani njia imeshindikana, hizo hasira ndo kuacha kwenyewe.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu anavua dagaa, tuko Kibirizi. Mwezi ukiwa mkubwa hawaingii ziwani, basi anakesha na gemu la mpira mpaka alfajiri. Nikisema ananijibu bora hivi kuliko pombe. Huu ni ugonjwa?

Marahaba mama. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa gemu, umo kwenye orodha yao mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, lakini kukesha peke yake hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu limetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, kama anaendelea wakati madhara anayaona kwa macho, na kwa kawaida hali hiyo iwe imefika miezi 12. Sasa baba huyu kazi yake ni usiku, mwili umezoea kuwa macho na taa majini, huwezi kutegemea alale saa tatu kwa sababu tu mbalamwezi imetoka. Wewe mwangalie giza likirudi. Anapanda mtumbwi na wenzie au anaumwa kichwa kila siku? Hela ya dagaa inafika nyumbani au inaishia kwenye bando? Kama kazini anaenda na nyumbani analeta, kaa naye muongee mchana, ameshalala na ameshakula, sio saa nane usiku umemsimamia kichwani. Na usiivunje simu, wapo waliovunja, mume akanunua nyingine na ugomvi ukabaki palepale. Ila kama ziwani ameacha kwenda, nendeni hospitali ya mkoa muulizie huduma za afya ya akili, wala hakuna aibu. Hilo la pombe limenigusa: anayejilinganisha na mlevi kuna kitu ameshakiona mwenyewe, muulize kwa upole ni nini.

SWALI: Aviator nayo ni gemu? Dereva boda, Gungu.

Hapana. Ni kamari iliyochorewa kindege, na kuiita gemu ndo kunawafanya mtoe hesabu ya tajiri mkisema unacheza kidogo tu. Hesabu ikishaliwa usiifukuzie, mwambie tajiri ukweli jioni hiyohiyo. Na nyie mnaowapa wadogo zenu wa sekondari laini zenu wabeti, chini ya miaka 18 sheria hairuhusu, acheni.

SWALI: Mwanangu ana miaka 4. Nampa simu acheze gemu nikiwa napika, nikiichukua anagaragara na kupiga kelele mpaka majirani wanakuja. Kasulu.

Usimpige, mama. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alikuwa anafanya majaribio na njiwa kwenye kisanduku, akaona chakula kikija bila mpangilio, mara kimekuja mara hakuna, njiwa anadonoa na kudonoa bila kukata tamaa. Zawadi za kwenye gemu ziko hivyohivyo, watu wazima zinawashinda, sembuse wa miaka minne? Kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linashauri kioo kisizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndo bora. Usimnyang'anye katikati, mwambie raundi hii ikiisha unanipa, na iwe hivyo kila siku. Ukiwa jikoni mpe ungo na maharage achambue, Kasulu maharage hayakosekani, atayamwaga nusu lakini yuko na wewe. Kelele zitakuwepo siku kadhaa. Ukichoka siku ya nne ukampa simu anyamaze, umemfundisha kwamba dawa ni kupiga kelele siku nne. Na namba ya siri ya pesa za simu asiijue, hata kwa bahati mbaya.

SWALI: Nimeamua kuacha, akaunti yangu ina leveli kubwa, kuna dogo wa hapa Ujiji anataka kuinunua kwa elfu themanini. Niuze?

Usiuze. Dong Nguyen wa Vietnam ndiye aliyetengeneza Flappy Bird, lilikuwa linamwingizia hela nyingi za matangazo, na Februari 2014 akaliondoa mwenyewe sokoni baada ya kuona watu wamelewa nalo. Lilikuwa lake na bado aliliachia. Wewe elfu themanini ya huyo dogo ni ada au ni hela ya mama yake, unajua kabisa. Ifute leo, umuonyeshe na yeye ukiwa unaifuta.