Uliza Kabla Hujafunga Safari: Siku Moja Msimbati, Ruvula na Mikokoni

Barua za toleo hili karibu zote zimeelekea kusini, kwenye ufuo wa Mtwara na Lindi. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Sisi ni walimu wanane. Tutalala Mtwara mjini, na kesho yake tunataka kuona fukwe za Msimbati na Ruvula pamoja na mikoko kwa siku moja, tukiwa na mwongozaji mmoja. Tutoke saa ngapi?
*Mwalimu wa sekondari, Masasi*

Mwalimu, msianze na saa, anzeni na mwezi. Safari nyingi za ufukweni huharibika kwa sababu watu wamechagua Jumamosi waliyo na nafasi, wakafika na kukuta maji hayako walipoyatarajia.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ahesabu takriban tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye pwani ya Mtwara maji hupwa kabisa kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni. Maji mafu, yanayokuja wakati wa nusu mwezi, ni kinyume chake: saa nne na nusu asubuhi maji yamejaa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu. Kutoka siku moja hadi nyingine, saa husogea mbele kwa dakika kama 50.

Kutembea juu ya mwamba wa matumbawe kunataka bamvua, kwa sababu kwenye maji mafu mwamba hauibuki vya kutosha. Kuingia mikokoni kwa boti kunataka maji yanayojaa. Mkiingia yanapokupwa, mkono wa bahari unageuka tope na boti inakaa hapo saa tano, sita, hadi maji yarudi.

Kwa hiyo siku ya bamvua tokeni Mtwara saa kumi na mbili asubuhi kupitia Madimba. Safari inazidi kilomita 40, na sehemu ya mwisho ni mchanga. Mtaingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio cha raia na cha mgeni ni tofauti na malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo kamilisheni jambo hilo siku moja kabla ili msipoteze nusu saa mkitafuta mtandao wa simu.

Anzeni kutembea mwambani saa tatu na nusu. Geuzeni pale maji yanapofika mwisho wa kupwa, hata kama mbele kunapendeza. Maji yakianza kurudi hayaji usoni peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufukwe. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huongezeka kidogo, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja hupandisha karibu robo ya maji yote. Anayesema "bado kidogo tu" amepima kwa saa ya kwanza.

Mchana pumzikeni kivulini na mle chakula. Saa nane na nusu pandeni boti ya mikokoni, maji yakiwa yanaingia, na muwe nje kabla ya saa kumi na moja. Mwezi Juni jua la Mtwara huzama dakika chache tu baada ya saa kumi na mbili, na ile barabara ya mchanga si ya kujifunzia usiku.

Kuogelea Ruvula kuna sharti lake. Chini hushuka ghafla karibu na ufukwe, na mkondo una nguvu maji yanapokuwa katikati ya kujaa au kupwa. Ogeni wakati maji yametulia kabla ya kugeuka, sambamba na ufukwe, kamwe si kuelekea kilindini. Kwenye mdomo wa mto Ruvuma msioge kabisa: kuna mamba na viboko.

Tarehe yenu ikiangukia maji mafu, acheni mwamba. Nendeni mikokoni asubuhi, halafu mlale ufukweni kutwa. Ni siku nzuri pia, na wenye watoto huenda wakaipenda zaidi.

Mume wangu anasema mikoko yote ni ile ile, kwa hiyo boti ni kupoteza hela. Kweli?
*Msomaji, Mikindani*

Si kweli, dada, na hoja iko kwenye mizizi. Upande wa baharini kabisa mara nyingi mtamkuta mlilana, unaochomoza vigingi vinene vilivyochongoka kutoka kwenye tope. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Msinzi hutoa mizizi iliyokunjika mithili ya magoti. Mchu hutoa vijiti vyembamba vingi vilivyosimama wima, na geuza jani lake uone upande wa chini ulivyo mweupe. Chumvi huitoa kupitia majani, mara nyingine huonekana juu yake. Mkomafi utaujua kwa tunda kubwa la duara.

Vigingi na vijiti hivyo ni vya kupumulia, maana tope halina hewa. Ndiyo sababu nahodha mzuri haruhusu abiria kushuka na kuvikanyaga. Na msikate hata fito moja ya kumbukumbu: misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, kukata ni kwa kibali.

Mara ya mwisho gari letu lilizama kwenye mchanga wa Msimbati, tukasukuma mpaka magharibi. Dereva aliongeza mafuta kila lilipozama. Tulikosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Lindi mjini*

Mama, kosa lilianza kabla ya mchanga: upepo wa tairi. Gari lenye upepo wa pauni 30 na ushee hukanyaga eneo dogo na kukata mchanga. Kabla ya kuingia shusheni hadi 18 au 20 tairi zote nne, tairi litatanuka na kuelea juu. Hakikisheni mna kipimo na pampu ya kuchomeka garini. Kurudi lami na upepo ule mdogo ni hatari: tairi huchemka, na ukikata kona kwa kasi linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Gari likianza kuzama, mguu utoke kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa tairi unachimba, na gari likishalala kwa tumbo si kazi ya kusukuma tena. Abiria washuke. Fukueni mchanga nyuma ya kila tairi, kwa mteremko mrefu, si shimo. Wekeni ubao au mkeka wa mpira, kisha rudini nyuma kwa taratibu mkifuata alama zenu wenyewe, kwa kuwa huko mchanga umekwisha kushindiliwa. Jeki bila ubao chini yake itazama yenyewe kabla gari halijanyanyuka.

Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, Noah ikiwemo, liacheni kijijini na mtembee au mkodi pikipiki. Hatuoni aibu yoyote katika hilo.

Mchanga mgumu wa pembeni mwa maji unashawishi, hasa maji yakiwa yamekupwa. Lakini gari lililoegeshwa pale saa tano asubuhi siku ya bamvua, saa kumi litakuwa limezungukwa. Na mchanga mkavu wa juu, penye majani ya ufukweni, ndipo kasa wanapotaga. Mayai hukaa chini kwa takriban siku 50 hadi 60 na hayaonekani kwa juu. Fuateni njia iliyopo. Mkirudi nyumbani oshe­ni gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa upande wa chini.

Kuna miamba iliyolika chini ikabaki kama paa. Kivuli chake kizuri kwa chakula cha mchana. Ni salama?
*Mfanyabiashara wa korosho, Newala*

Hapana, kaka. Miamba hiyo ni matumbawe ya kale. Mingi kwenye pwani hii ni ya kipindi cha miaka ipatayo 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa chokaa ngumu. Sasa mawimbi hupiga usawa ule ule kila siku, maji huyeyusha chokaa kidogo kidogo, na konokono wa baharini hukwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe. Juu panabaki, chini panaliwa, mpaka uzito ushinde.

Paa likianguka halitoi taarifa. Mabonge makubwa mnayoyaona yamelala ufukweni mbele ya mwamba ndiyo ushahidi wa yaliyokwisha kuanguka. Piga picha ukiwa mbali, kwa umbali usiopungua urefu wa mwamba wenyewe. Juu nako, usikaribie ukingo: unaposimama unaweza kuwa juu ya hewa tupu. Mfuate kivuli cha mnazi, ila si chini kabisa ya nazi.

Na ndala ziache garini. Jiwe hilo limechongoka na jeraha lake huchelewa kupona, kwa sababu vipande vidogo hubaki ndani. Vaa raba za zamani zenye kamba.

Siwezi kuogelea. Nikodi boti au niwasubiri wenzangu ufukweni?
*Mstaafu, Mtwara*

Shikamoo mzee wetu. Panda, ila ukague kwanza, na usione haya kuuliza.

Jaketi okozi livae ukiwa nchi kavu. Funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likifika masikioni ni kubwa mno, majini litakutoka. Liwe na filimbi. Jaketi lililokaliwa kama mto mwaka mzima sponji yake imelala na haliinui mtu.

Muulize nahodha cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria iliyoandikwa humo, kisha hesabu watu. Mafuta yawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Awe na nanga yenye kamba ndefu, plagi za akiba, kasia na chombo cha kukumbia maji. Nahodha anayekasirishwa na maswali haya mwache na boti yake.

Usiku wa kuamkia safari tazama utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, asubuhi yaweza kuwa shwari na mchana bahari ya nje ikachafuka. Kwa hiyo wanaotafuta nyangumi, ambao hupita kuanzia Julai hadi Oktoba, watoke alfajiri. Akionekana, msikimbilie wote upande mmoja. Boti ndogo hupinduka hivyo. Nahodha abaki umbali wa mita 100 na asimkatize njia. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kushika, kwa kawaida ndiyo miezi rahisi kwa mtu asiyezoea bahari.

Nimeanza kazi ya kuongoza wageni. Nibebe nini, na nifanye nini mtu akiumia mwambani?
*Kijana wa Shangani, Mtwara*

Kwanza wahesabu, kila mnaposhuka na kila mnapopanda, kwa sauti. Wapange wawili wawili, na mtu mzima mmoja makini awe wa mwisho, asipitwe na mtu. Watu wanane mwambani ni wengi wa kutosha kwa mwongozaji mmoja. Wa tisa atafutiwe mwongozaji wa pili.

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe mkobani, na hapa vijana wengi hutucheka. Taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, hujifukia kwenye mchanga wa maji mafupi, na anayemkanyaga huchomwa kifundoni. Wafundishe wageni kuburuta miguu badala ya kuinyanyua, taa atahisi na kuondoka. Aliyechomwa, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, yasiyomuunguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Pima kwanza kwa mkono wako, maana mguu wenye maumivu hauhisi vizuri. Joto hupunguza makali ya sumu. Kisha hospitali, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki. Kama amechomwa kifuani au tumboni, usichomoe kitu, ni kumkimbiza.

Aliyechomwa na yule mnyama wa baharini mweusi wa mviringo mwenye miiba mirefu: ing'oe miiba inayoshikika kwa kibanio, bila kuiponda. Mkato wa matumbawe usugue kwa maji safi na sabuni hata akilalamika.

Waambie wageni mapema wavae kwa heshima wakipita kijijini. Kanga moja begani inatosha. Mwezi wa Ramadhani chakula kiliwe faragha. Kila mtu awe na kitambulisho, maana ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Droni bila kibali isitoke mkobani.

Tukiwa Mtwara, tunaweza kwenda Kilwa Kisiwani na kurudi siku hiyo hiyo?
*Wanandoa, Nachingwea*

Msijaribu. Lindi peke yake ni zaidi ya kilomita 100, kisha mwendo mrefu hadi Nangurukuru mnapoacha barabara kuu kuelekea Kilwa Masoko. Mtafika jua limeshakuwa kali, mkiwa na saa mbili za kukaa.

Laleni Kilwa Masoko. Asubuhi chukueni kibali kwenye ofisi ya serikali papo hapo mjini kabla ya kupanda boti; msifike kisiwani bila hicho. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kisiwani ni karibu na huhitaji nusu siku. Songo Mnara ni mbali zaidi, na huko kanuni ya maji inarudi: mkifika yamekupwa, boti inasimama mbali na mnatembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi.