Jina kubwa kwenye bodi ya kampuni yetu

SWALI: Kampuni yetu ya asali ina wakurugenzi watatu, sote warina asali. Wenzangu wanataka tumwingize kwenye bodi profesa mmoja mstaafu, mtu wa kwetu anayeheshimika sana, ili benki ituamini. Mwenyewe amesema vikao hataviweza, ila jina tulitumie. Kuna ubaya?
Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Upo, ndugu msomaji, na utaanza kumpata profesa mwenyewe. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 haimtambui mkurugenzi wa jina tupu. Akishaandikwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wajibu wake ni uleule wenu.

Uingereza wana kesi maarufu. Marquess (cheo cha ukabaila) wa Bute alirithi urais wa Benki ya Akiba ya Cardiff akiwa na miezi sita, na kwa miaka 38 alihudhuria kikao kimoja tu cha bodi. Fedha za wateja zikaliwa, na mwaka 1892 mahakama ikamwachia. Profesa wenu asitegemee huruma hiyo leo.

Benki nayo hutazama kwanza hesabu zenu na mauzo ya msimu. Kwa kampuni ndogo, mara nyingi wakurugenzi huombwa watie saini dhamana binafsi, yaani kampuni ikishindwa kulipa mkopo, walipe wao. Mumuulize mzee kama yuko tayari. Akisita, jibu mnalo.

Kinachokwamisha zaidi ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali. Mkiwa wanne na katiba ya kampuni inadai watatu, profesa yuko Dar es Salaam na mwenzenu yuko porini kwenye mizinga, wawili waliobaki hawawezi kupitisha hata ununuzi wa ndoo. Na msimfanye mtia saini wa akaunti kabisa! Hundi itamsubiri yeye huku warina wanasubiri malipo.

Mfanyeni mlezi, nje ya bodi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: atawatambulisha kwa watu, atakuja mkutano wa mwaka, haamui wala hatii saini. Kwenye karatasi zenu aandikwe "Mlezi".

Akibadili nia na kutaka kiti kweli, pangeni vikao vinne tangu Januari, makabrasha yamfikie siku 7 kabla, na katiba iseme akikosa viwili mfululizo bila ruhusa kiti ki wazi. Ada yake ya ukurugenzi ikatwe kodi ya zuio asilimia 15, ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. BRELA wapelekeeni mabadiliko ndani ya siku 14.