Mpunga haukutusubiri: kwa wanaoanza kazi ya tamthilia Dodoma

Mdogo wangu, kabla hujauliza kamera gani inatumika, uliza watu wanalipwa lini, na uandikishiane.

Mimi nilijifunzia Bahi, hapahapa mkoani Dodoma. Tulianza kurekodi mwezi wa tatu, mpunga wa kijani mpaka macho yanapoishia. Malipo yakachelewa wiki mbili, zikafika tano. Mafundi wa taa na sauti wakaweka vifaa chini, nami mpiga picha nikaungana nao. Tulipopatana ilikuwa mwishoni mwa Mei. Tukarudi shambani: mpunga umevunwa, yamebaki mabua makavu. Binti wa tamthilia yetu aliyekimbia kwenye kijani angetokeza, tukio lilelile, kwenye vumbi! Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, kwa hiyo kungoja kijani kingine ni kungoja mwaka. Kazi ya siku nne ikatupwa, na mama wa kijijini aliyekuwa akitupikia akakosa kipato kwa ugomvi usiomhusu. Huyo ndiye ananiuma mpaka leo.

Tangu hapo, penye mazao au mto, narekodi matukio yote ya nje kwanza. Ya ndani ya nyumba yanaweza kusubiri.

Hata Marekani, mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni waligoma siku 148, na waigizaji nao wakaanza kugoma huo ukiendelea, wao siku 118. Vipindi vya mazungumzo vya usiku vilizimika mara moja, maana huandikwa siku ileile. Tamthilia zenye sehemu zilizokwisha kurekodiwa zilijikongoja miezi kadhaa. Basi ukiwa mtayarishaji, jiwekee akiba ya sehemu zilizokwisha kurekodiwa.

Sisi tulikosea pia upande wa sheria, na hili vijana wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo kwenye mgogoro wa maslahi, tuseme mnadai nyongeza, tena baada ya usuluhishi kushindikana, chama cha wafanyakazi kupiga kura, na mwajiri kupewa taarifa ya saa 48. Ujira mliokwisha kukubaliana usipolipwa, hilo ni lalamiko. Linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Sisi tulikaa tumenuna, siku zikayoyoma, wala hatukuwa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo tunza mkataba, ratiba ya kila siku uliyofika kazini, na ujumbe wa simu aliokuitia bosi. Vyote, tangu siku ya kwanza.