Ukienda Skipton na Watoto, Anza na Siku ya Gulio

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu Skipton, mji mdogo wa Yorkshire kaskazini mwa England, ilikuwa Jumanne, wiki ya likizo fupi ya Oktoba. Tulipanda treni Leeds saa nne asubuhi, tukashuka, tukatembea hadi High Street, barabara kuu ya mji, na hapo tukakuta barabara pana iliyojaa magari yaliyoegeshwa huku na huku. Maduka yalikuwa wazi na watu walikuwepo, ila lile soko nililowahadithia watoto njia nzima halikuwepo. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akaniuliza, "Mama, soko lenyewe liko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Skipton wana soko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na mimi sikuwa nimeuliza.

Kila likizo ya shule ikikaribia, wenzangu tunaoishi huku Uingereza hunipigia kuuliza wawapeleke wapi watoto, wamechoka na bembea za mtaani na madukani. Nawajibu wote: nendeni kwenye miji midogo yenye soko. Lakini kabla ya kutafuta tiketi au kuangalia hali ya hewa, jueni kwanza soko lake liko siku gani.

Mimi nimekulia Lushoto. Kwetu milimani siku za wiki tulizijua kwa magulio. Leo gulio liko huku, keshokutwa liko kule, na wauzaji wanahama nalo. Uingereza nayo ilijengeka hivyohivyo. Mfalme ndiye aliyekuwa akitoa kibali cha mji kuwa na soko, na Skipton walipata chao mwaka 1204 kwa Mfalme John. Miji jirani ilishika siku tofauti ili wasinyang'anyane wateja, na nyingi bado zina siku zake hadi leo. Settle ni Jumanne. Knaresborough ni Jumatano, Ripon Alhamisi. Kwa ndugu zetu wa Leicester, Melton Mowbray ni Jumanne, na kwa treni ni karibu mno. Mji uleule ukiutembelea siku isiyo yake utadhani umelala.

Niliyekwenda naye kwa mpango mzuri zaidi ni mama yangu, alipokuja kututembelea mwezi wa Mei. Mama ameuza karoti na kabichi magulioni zaidi ya miaka thelathini. Huku Leeds alikuwa ameanza kunyong'onyea, maana kila kitu tunakinunua kikiwa kimefungwa plastiki, na huna wa kumsalimia. Nikampeleka Skipton Jumamosi. Tulifika kama saa tatu na nusu, wauzaji wanamalizia kufunga turubai juu ya meza zao, na barabara ileile iliyokuwa na magari sasa imejaa jibini, mikate, soksi za sufu, miche ya maua, samaki na vitambaa.

Mama akasimama mbele ya meza ya matunda. Muuzaji alikuwa amepanga plamsi kwenye mabakuli, kila bakuli na bei yake. Mama akaangalia, akaniambia kwa Kisambaa kwanza kisha kwa Kiswahili ili watoto wasikie: "Hili ni fungu. Wameliweka tu kwenye bakuli." Kisha akafanya kile anachofanya siku zote: akainamisha bakuli taratibu aone za chini. Mbili zilikuwa zimebonyea. Nikataka kumzuia, lakini muuzaji alishaona. Akazitoa zile mbili, akaweka nzuri, akaongeza moja juu. Mama akasema asante kwa Kiingereza, akamgeukia mjukuu wake: "Umeona? Huyu anaijua kazi yake." Sijawahi kumwona mama akiwa nyumbani namna ile tangu ashuke ndege.

Kwa hiyo msianze na vivutio vya kulipia. Anzeni sokoni, na mfike kabla ya saa nne asubuhi, kabla watu hawajasongamana. Mimi humpa kila mtoto pauni tatu za sarafu, atumie atakavyo. Wengi wa wauzaji wanapokea kadi siku hizi, lakini mtoto wa miaka saba anayehesabu chenji yake mwenyewe mbele ya mtu mzima anajifunza kitu ambacho kadi haimfundishi. Kijana wangu siku ile alizunguka nusu saa nzima kabla ya kununua kipande cha keki na pakiti ya mbegu za alizeti. Bei zimeandikwa, kupatana si desturi sana, ila kuanzia saa nane hivi mchana wauzaji wa matunda na mboga huanza kushusha. Kama mnarudi na gari, hapo ndipo pa kujaza kapu.

Kuhusu chakula, nina angalizo ambalo halimo kwenye vitabu vya watalii. Yorkshire wanajivunia samaki na chipsi zao, na ni tamu kweli, lakini maduka mengi ya huku hukaangia mafuta ya ng'ombe, wala siyo ya mimea. Muislamu anayekula halali, au rafiki yenu Mhindu asiyekula ng'ombe, anaweza kudhani samaki hana shida. Ulizeni kwanza wanakaangia nini. Hawakasiriki, wamezoea kuulizwa. Sisi hubeba chapati na maharage kwenye chombo, tukala kwenye benchi kando ya mfereji, halafu aiskrimu ndiyo tunainunua pale.

Ngome ya Skipton iko juu kabisa mwisho wa High Street, jirani na kanisa la Holy Trinity. Aliyeianza ni bwana mmoja wa Kinormani (wale waliovuka kutoka Ufaransa wakaiteka England), Robert de Romille, mwaka 1090, na hadi leo imeezekwa yote. Hilo la paa lina maana kubwa kwa mzazi. Ngome nyingi za nchi hii ni magofu, mvua ikinyesha mnalowa mkiwa humohumo ndani. Hapa watoto hupanda ngazi za mawe zinazozunguka, huingia jikoni kwa zamani, hushuka hadi kwenye chumba cha giza walimofungiwa watu, na mvua inabaki nje. Kigari cha mtoto kitawasumbua. Mdogo afungwe mgongoni kwa kanga.

Katika ua wa ndani kuna mti mmoja uliopandwa na Lady Anne Clifford mwaka 1659. Msiupite haraka. Huyu mama alizaliwa ndani ya ngome hii mwaka 1590. Akiwa na miaka 15 baba yake akafariki, na mali yote ikaachiwa ndugu wa marehemu kwa kuwa Anne ni mwanamke. Akakataa. Mahakama zikamshinda, mfalme mwenyewe akaamua dhidi yake, waume zake wawili hawakumsaidia inavyopasa, naye hakutia saini kuridhia. Aliipata mwaka 1643, baada ya ukoo wa amu yake kukosa mrithi wa kiume, yeye akiwa na miaka 53. Kufika hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeshaanza na ngome imeshazingirwa. Mzingiro huo wa miaka mitatu uliisha Desemba 1645, kisha ngome ikabomolewa kwa amri ya Bunge. Ni yeye aliyeijenga upya. Nilimsimulia binti yangu habari hiyo tukiwa chini ya mti, mama naye anasikiliza. Mama akauliza swali moja tu: "Alisubiri miaka mingapi?" Miaka 38. Akatikisa kichwa, akaushika mti. Kwetu nako tunawafahamu wanawake waliofukuzwa kwenye shamba la baba yao.

Mkitoka ngomeni, nyuma yake kuna njia nyembamba kando ya tawi la mfereji, chini kabisa ya ukuta. Haina kiingilio na wageni wengi hawaijui. Mfereji mkubwa wenyewe, wa kutoka Leeds hadi Liverpool, una urefu wa maili 127. Walianza kuuchimba mwaka 1770 wakamaliza 1816. Boti za matembezi mafupi zinaondokea hapo mjini. Ukingo hauna kizuizi, shikeni watoto mkono. Bata wapeni njegere au oti badala ya mkate.

Mvua ikiwa kubwa, ingieni makumbusho ya Craven Museum ndani ya Town Hall, ukumbi wa mji, ni bure. Wana nakala ya mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa 1623, imekaa pale katika mji mdogo wa kondoo. Na kweli ni mji wa kondoo, ndiyo maana ya jina Skipton kwa Kiingereza cha kale.

Baada ya hapo chagueni kitu kimoja tu cha nje ya mji. Kimoja. Ile Jumanne yangu ya Oktoba, baada ya kukosa soko, nilitaka kufidia kwa kuwapeleka watoto sehemu mbili. Tukafika Bolton Abbey, kijiji chenye magofu ya abasia (makao ya watawa wa zamani), jioni, jua linazama, mdogo amelala begani, na basi la mwisho limekwenda. Teksi ya kurudi stesheni ilinigharimu kuliko safari yote. Mabasi ya mashambani ni machache, hivyo kabla ya kushuka kwenye basi la kwenda, jueni la kurudi ni saa ngapi, na muwe na namba ya teksi.

Kwa watoto wadogo mimi ningechagua treni ya mvuke. Inaondokea Embsay, maili mbili hivi kutoka Skipton, hadi stesheni ya Bolton Abbey. Haitembei kila siku, angalieni ratiba. Safari ni fupi, na ufupi huo ndio uzuri wake: moshi, filimbi, harufu ya makaa, na mmefika kabla hawajachoka. Mama alipousikia ule mlio aliwaeleza wajukuu habari za treni ya Tanga ya utotoni mwake, habari ambazo hata mimi sikuwa nimewahi kuzisikia.

Ukishuka, ni mwendo wa kama maili moja na nusu kwa miguu hadi kwenye abasia yenyewe, iliyoanzishwa hapo katika karne ya 12 na kufungwa mwaka 1539 enzi za Mfalme Henry VIII. Nusu ni gofu, nusu bado ni kanisa linalosaliwa. Mbele yake mto Wharfe unapita polepole juu ya changarawe, na kuna mawe karibu 60 yaliyopangwa kuvukia. Watoto wanaweza kuvuka na kurudi saa nzima. Beba soksi za akiba na suruali ya kubadili, mtu atateleza tu.

Lakini sikilizeni hili kwa makini. Mto huohuo, ukipanda nao kupitia msituni, unafika mahali panapoitwa Strid. Hapo maji yote ya mto ule mpana yanabanwa kwenye ufa wa mwamba, mwembamba kiasi kwamba mtu anaona angeweza kuuruka. Mawe yana kuvu na yanateleza, chini maji yameukwangua mwamba kwa ndani, na waliotumbukia wamekufa. Kuna mabango ya onyo. Mimi huwaonyesha wanangu Strid wakiwa njiani juu, kwa mbali, nimewashika mikono, na siwasogezi kwenye mawe.

Kitu kingine kinachotuzuia wengi wetu ni woga wa kukanyaga shamba la mtu. Sisi tumelelewa kwamba huingii shambani kwa mwenzio bila kubisha hodi. England ina njia za miguu za umma zinazokatiza katikati ya mashamba, na sheria inawapa haki ya kupita. Mkiona kibao chenye mshale wa njano, piteni. Fuateni njia, geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, na majira ya kuchipua, ng'ombe wakiwa na ndama, zungukeni mbali nao. Nilikaa nchi hii miaka minne kabla ya kuthubutu kupita. Natamani ningeambiwa siku ya kwanza.

Kwa nauli, nunueni kadi ya punguzo ya familia ya reli. Inawapunguzia watu wazima theluthi moja na watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60, na kadi moja inabeba watu wazima wanne na watoto wanne. Ina masharti ya saa za asubuhi siku za kazi kwa safari za ndani ya London na kusini-mashariki, lakini Jumamosi haina shida. Kwetu ilirudisha gharama yake baada ya safari mbili. Na hata kama ni Julai, kila mtu awe na koti la mvua.

Mama alirudi Lushoto mwezi wa Juni. Majuzi kanipigia, baada ya salamu akauliza ule mji tulioambiwa una jibini, huko juu mabondeni, kama nao una gulio, kwa sababu anakuja tena Mei. Ni Hawes. Gulio lao ni Jumanne.