Kampuni Ikikujibu "Hakuna Kosa", Usimnyang'anye Mtoto Simu

Mama mmoja wa Arua, hapa Uganda, ameniandikia wiki hii. Picha za binti yake zimewekwa kwenye akaunti ya uongo, na kila anayemwomba ushauri anamwambia amnyang'anye mtoto simu. Mama, mwachie simu yake. Aliyekosa si yeye.

Mpwa wangu yalimkuta hayo akiwa Senior Two, yaani kidato cha pili. Mtu alichukua picha yake amevaa sweta ya shule, akafungua akaunti kwa jina lake, akaandika "napatikana usiku" na namba ya dada yangu. Wanaume wakaanza kupiga saa nne usiku. Ukoo mzima tukabonyeza kuripoti, hadi shangazi wa Jinja. Jibu la kampuni yenye mtandao huo: akaunti haijakiuka kanuni zetu. Mpaka leo linaniuma.

Nikaachana na vitufe. Nikaandika barua kwa kampuni, nikataja kifungu cha 8 cha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kinachodai idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, nakala kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Akaunti ikaondoka. Mwanasheria aliyeniambia napoteza muda sasa ananiomba nakala!

Ofisi hiyo si pambo: Julai 2025 iliiamuru hata Google ijisajili nchini ndani ya siku 30. Kampuni za mitandao hujitetea kwamba aliyeweka picha ni mtu mwingine. Marekani kinga hiyo iko kwenye sheria tangu 1996, ndiyo maana Oktoba 2023 majimbo mengi yalipoishtaki Meta, mwenye Facebook na Instagram, yalilenga jinsi programu zilivyoundwa kumnasa mtoto. Hapa kwetu Facebook ilifungwa 2021 kwa ugomvi wa siasa. Watoto hawakuwamo kwenye hesabu, na wanaingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi, kama kawaida.

Sasa mama, nakili linki ya akaunti, maana jina hubadilishwa wakati wowote na picha ya skrini pekee haitoshi. Andika tarehe na saa. Kama ni picha za utupu, usizirushe kwenye kundi la familia eti ushahidi. Kuzisambaza ni kosa hata kwa mzazi. Piga Sauti 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Nanyi akina baba mnaouliza "mama yake alikuwa wapi?", waulizeni kwanza wanaochuma pesa kwa macho ya mwanao. Andikeni barua. Atakayetaka yangu nitamtumia. Badilisheni majina, kifungu cha 8 msikiguse.