Fedha ya michezo iwe na mfereji wake

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: katika kupanga na kugharamia michezo, tuige serikali ya nchi gani? Jibu langu kutoka huku Mtwara ni Norwe.

Najua wengi watataja Uingereza, na wana sababu. Pale Atlanta mwaka 1996 Waingereza waliambulia dhahabu moja tu. Bahati nasibu yao ya taifa ilikuwa imeanza 1994, na mwaka 1997 kikaundwa chombo cha kugawa fedha kwa wanamichezo wa kilele, UK Sport. London 2012 wakavuna dhahabu 29. Lakini fedha ile hufuata matarajio ya medali. Badminton ilileta shaba kutoka Rio 2016, na Desemba ya mwaka huohuo ikanyimwa mgao. Utaratibu huo unawafaa wenye viwanja, makocha na klabu kila mtaa. Tukiuleta kwetu leo, fedha itaishia kwa wachache ambao tayari wanajulikana, na mtoto wa Newala au Liwale hataionja. Marekani nako hatuwezi: kamati yao ya Olimpiki haiendeshwi kwa fedha ya serikali kuu, inaishi kwa haki za televisheni na wadhamini, huku wanamichezo wakipikwa vyuoni. Soko la namna hiyo hatuna.

Norwe ina watu milioni tano na ushei. Michezo ya kubahatisha kwa sehemu kubwa iko chini ya kampuni ya serikali, Norsk Tipping, na ziada yake ina mgawo unaojulikana: asilimia 64 michezo, 18 utamaduni, 18 mashirika ya kijamii na ya kibinadamu. Fungu kubwa la michezo huenda viwanjani, kwa masharti. Mradi lazima kwanza uwemo kwenye mpango wa manispaa. Michoro iidhinishwe kabla ya ujenzi kuanza. Ruzuku kwa kawaida haizidi theluthi ya gharama. Zinazobaki hutoka manispaa, kwenye klabu na kwa nguvukazi ya wazazi. Na anayepewa anafungwa kuuweka uwanja wazi kwa wananchi kwa miaka 30.

Sharti hilo la mwisho ndilo hasa tunalolihitaji, maana uwanja haubaki wazi miaka yote hiyo bila kutunzwa. Eneo la kuchezea soka la mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Ukitaka kulimwagilia milimita 5 tu za maji, unahitaji lita 35,700, yaani maboza manne ya lita 10,000, la nne likibaki na kiasi. Huku kusini mvua zikishakata, kiangazi kinashika hadi Novemba, na ligi inaanza katikati yake. Ardhi ya kichanga haishiki maji, kwa hiyo kumwaga yote siku moja kwa wiki ni hasara: yanazama chini ya mizizi. Inabidi kumwagilia kidogokidogo, alfajiri, mara kadhaa kwa wiki. Bado hujamlipa mkata nyasi, hujaweka samadi, hujajaza mchanga pale golini kipa anapochimba kwa daluga. Uwanja uliojengwa bila fungu la maji huwa kijani msimu wa kwanza na vumbi msimu wa pili. Saruji ilipatikana, bili ya maji na mshahara wa mtunza uwanja havikuandikwa popote.

Tanzania tuna Baraza la Michezo la Taifa (BMT) tangu 1967, na bajeti ya 2021/22 ilielekeza asilimia 5 ya mapato ya kodi ya kubashiri matokeo ya michezo kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ni hatua kubwa na naiunga mkono kwa moyo wote. Tofauti ni kwamba kampuni zetu za mikeka ya kubashiri ni za binafsi, hivyo fungu letu ni dogo kuliko la Norwe. Ndiyo sababu lazima lilindwe. Wakulima wa korosho hawahitaji kufundishwa jambo hili. Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ilirudi kwenye zao. Sheria ikabadilishwa, zote zikaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na pembejeo zikaanza kugombea nafasi na barabara, dawa na madawati. Michezo ikiingia kwenye foleni hiyo itakuwa ya mwisho daima.

Kwa hiyo napendekeza sehemu ya Mfuko wa Michezo iteremke halmashauri, na gharama ya kila uwanja igawanywe kwa theluthi: moja ya Mfuko huo, moja ya halmashauri, moja ya wananchi na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwa ardhi, maji na nguvukazi. Halmashauri zimekwisha kuzoea kutenga, maana asilimia 10 ya mapato ya ndani huenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu ya kumi ya ruzuku izuiwe hadi nyasi zivuke kiangazi cha kwanza.

Shule zitangulie, maana UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ndizo ngazi aliyonayo mtoto wa kijijini; Mtwara tuliyapokea mashindano hayo 2019 na 2021. Pasipo na maji, waanze na netiboli: mita 30.5 kwa 15.25, zege la sentimita 10, karibu mita za ujazo 47. Likishakomaa halidai boza.